Wakutubi Waliokwenda Vitani

Msomaji, likitajwa neno vita, fikira za mtu hukimbilia mizinga, manowari na ndege za kuangusha mabomu. Ni haki zikimbilie huko, maana vitu hivyo ndivyo vinavyoua. Walakini kila jemadari mwenye busara ajua kuwa kabla ya kufyatua risasi ya kwanza hana budi kujua mambo mengi: daraja lipi laweza kuchukua kifaru, bandari ipi ina kina cha kutosha, kiwanda kipi hutengeneza injini za ndege na kipi hutengeneza sabuni, watu wa mji fulani wana chakula cha miezi mingapi. Mambo haya hayafichwi yote katika makasha ya chuma. Mengi yamechapishwa katika vitabu, magazeti, ramani na ratiba za magari ya moshi. Insha hii yataka kukuonyesha jinsi wakutubi, watu wa kazi ya kimya kabisa, walivyotumwa ng'ambo wakati wa Vita Vikuu vya Pili kuyatafuta mambo hayo; na jinsi kazi hiyo ilivyowafikisha mwishoni mbele ya swali ambalo hawakulitazamia: kitabu kilichotekwa ni mali ya nani?

Chukua mfano mmoja kwanza. Mwaka 1942 Waingereza walikuwa wakifikiri juu ya siku watakapoyarudisha majeshi yao katika bara la Ulaya. Redio ya BBC ikawaomba raia wapeleke serikalini picha na kadi za posta za pwani za Ulaya, walizokuwa nazo tangu siku za amani walipokwenda likizo. Picha zikamiminika kwa mamilioni. Mzazi aliyempiga mwanawe picha akichezea mchanga hakujua kwamba nyuma ya mtoto yule palionekana mteremko wa ufuo, ukuta wa bahari na njia ya kupandia juu. Kwa mama, picha ilikuwa ukumbusho. Kwa ofisa wa jeshi, ilikuwa ramani. Hii ndiyo siri ya kazi tutakayoieleza. Habari ile ile, machoni pa mtu mwingine mwenye haja nyingine, yaweza kuwa silaha.

Marekani, pamoja na utajiri wake wote, ilikuwa nyuma katika mambo haya. Hadi mwaka 1941 haikuwa na ofisi moja ya kukusanya habari za nchi za kigeni. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na watu wake, jeshi la majini na wake, na wizara ya mambo ya nje na wake, wala hawakupeana habari ipasavyo. Mwezi wa Julai 1941 Rais Franklin Roosevelt alimteua mwanasheria mmoja aliyepata sifa katika vita vya kwanza, William Donovan, aanzishe ofisi hiyo. Mwaka uliofuata ofisi ikageuzwa kuwa idara ya ujasusi iliyojulikana kwa herufi OSS. Donovan alikwenda kwa mtu ambaye huenda wewe usingalimdhania: Archibald MacLeish, mshairi, ambaye wakati ule alikuwa mkuu wa Maktaba ya Bunge mjini Washington. Wawili hao walikubaliana kuwa wataalamu wa historia, uchumi, jiografia na lugha wakusanywe, wapewe vitabu vya maktaba hiyo, na waanze kuisoma dunia. Tawi lao la uchunguzi liliongozwa baadaye na William Langer, mwalimu wa historia kutoka Chuo Kikuu cha Harvard.

Mara wataalamu wakagundua upungufu. Walikuwa na vitabu tele vya Ujerumani vya mwaka 1930, lakini vya mwaka 1941 havikupatikana. Vita vilikuwa vimekata njia za biashara. Maduka ya vitabu ya Leipzig, ambayo kwa miaka mingi yaliuzia dunia nzima, hayakuweza tena kupeleka shehena zao ng'ambo. Mtaalamu asiye na gazeti la adui ni kama nahodha asiye na dira. Kwa hiyo mwezi wa Desemba 1941, siku chache baada ya Wajapani kuipiga Pearl Harbor, serikali iliunda kamati ya idara mbalimbali, ambayo kazi yake ilikuwa kupata machapisho ya nchi za kigeni. Katibu wake mtendaji alikuwa kijana mmoja mkutubi wa Harvard, Frederick Kilgour, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 30.

Lakini machapisho ya adui yatapatikana wapi? Huwezi kwenda Berlin wakati wa vita ukaingia dukani na kuagiza magazeti. Jibu lilikuwa katika nchi zisizokuwa na upande. Ureno na Uswidi hazikuingia vitani, na katika miji yao mikuu Mjerumani, Mwingereza na Mmarekani walipita katika barabara moja, wakala katika mikahawa mamoja, na kutazamana kwa pembe za macho. Magazeti ya Ujerumani yaliuzwa humo hadharani. Palikuwa na mlango, basi. Iliyobaki ilikuwa kumpata mtu wa kuusimamia.

Palikuwa na shida nyingine, nayo ni uzito. Magazeti ya wiki moja, pamoja na majarida ya uhandisi na tiba, hujaza magunia, na nafasi katika ndege zilizovuka Bahari ya Atlantiki ilikuwa haba mno. Dawa ya shida hii ilikuwa maikrofilamu, yaani filamu nyembamba ambayo juu yake ukurasa mzima hupigwa picha ukapunguzwa hata ukawa mdogo kuliko stempu. Mkanda mmoja wa filamu hiyo, unaoenea katika kiganja cha mkono, hubeba kurasa mamia. Ukifika mwisho wa safari, hutiwa katika mashine yenye taa na kioo, na maandishi hurudi kuwa makubwa ya kusomeka. Wakutubi walikuwa wakiitumia filamu hii kabla ya vita ili kuhifadhi magazeti ya zamani na miswada isiyopatikana kwa urahisi. Hawakuwaza kwamba chombo hicho cha upole kingeandikishwa jeshini.

Mjini Lisbon walipelekwa watu kama Ralph Carruthers, fundi wa maikrofilamu kutoka maktaba ya New York, na Reuben Peiss, mkutubi wa Harvard. Maktaba ya Bunge nayo ilimpeleka Manuel Sanchez mwaka 1943. Kazi yao ya kila siku haikuwa na mbwembwe za hadithi za majasusi. Walizunguka katika maduka ya vitabu, wakafanya urafiki na wauzaji, wakapata magazeti kwa mikono ya watu wa kati ili jina la Marekani lisitajwe, kisha wakarudi kwenye chumba cha kamera kugeuza ukurasa baada ya ukurasa. Hatari haikukosekana, maana polisi wa siri wa Ureno waliwaangalia wageni wote, na majasusi wa Ujerumani walikuwa tele mjini. Lakini adui yao mkubwa zaidi, kama nionavyo, alikuwa uchovu wa macho.

Kaskazini, mjini Stockholm, kazi hiyo ilishikwa na mwanamke. Jina lake Adele Kibre. Alikuwa msomi wa Kilatini wa zama za kati, mwenye shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Chicago. Katika miaka ya 1930 alizunguka katika maktaba za Ulaya, hata ile ya Vatikani, akiwapigia wasomi wengine picha za miswada ya kale. Tafakari, msomaji, jinsi ujuzi huo ulivyomfaa. Alijua lugha, alijua kamera, alijua tabia za wakutubi wa Ulaya, na zaidi ya yote alijua namna ya kumbembeleza mlinzi mkali wa makabati afungue mlango. Alifika Stockholm mwaka 1942, akashirikiana na Waingereza, akafanya kazi mpaka vita vilipokwisha. Uswidi ilipakana na Norway na kuelekeana na Denmark, nchi mbili zilizokuwa chini ya Wajerumani tangu Aprili 1940. Kwa hiyo mikononi mwake yalipita magazeti ya Ujerumani, majarida ya sayansi, vitabu vya orodha za viwanda, na kadhalika karatasi zilizochapwa kwa siri na watu wa nchi hizo waliokataa kutawaliwa. Vingine alivinunua, vingine aliviazima kwa siku chache, akavipiga picha, akavirudisha.

Mbali zaidi, huko Chongqing, mji mkuu wa Uchina wa wakati wa vita, mtaalamu wa historia John King Fairbank alikusanya machapisho ya Kichina na ya Kijapani. Yeye hakuchukua tu. Vyuo vikuu vya Uchina vilikuwa vimekimbia mabomu na kuacha maktaba zao nyuma. Naye akasaidia kuwafikishia walimu wao maikrofilamu za majarida mapya ya Kimarekani. Liweke jambo hili akilini, kwa kuwa laonyesha kuwa mkusanyaji wa maarifa aweza pia kuwa mgawaji.

Sasa wauliza, na ni haki kuuliza: karatasi hizi zilifaa nini? Jibu moja lapatikana katika matangazo ya vifo. Katika magazeti ya miji ya Ujerumani, jamaa walitangaza majina ya maofisa waliokufa vitani, pamoja na vyeo vyao. Tangazo moja ni msiba wa nyumba moja. Lakini wachunguzi wa Washington waliyakusanya matangazo kwa wingi, wakayahesabu kwa vyeo na kwa miezi, na kwa hesabu hiyo wakakisia hasara ya jeshi zima, ambayo serikali ya Ujerumani haikutaka ijulikane. Haba na haba hujaza kibaba. Majarida ya kisayansi nayo yalikuwa na thamani kubwa. Serikali ya Marekani iliruhusu yachapishwe upya nchini humo, ili maabara na viwanda vyake visikose habari za ugunduzi wa Wajerumani. Kamusi kubwa ya kemia ya Beilstein, ambayo hapo awali ni maktaba chache tu zilizoimudu, ilichapishwa hivyo na bei yake ikashuka sana.

Hata hivyo tusitie chumvi. Shehena nyingi zilifika zimechelewa, na wingi wake wenyewe ulikuwa mzigo. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jambo hili walinena kweli tupu. Mkanda wa filamu wenye kurasa mamia, usio na orodha ya yaliyomo, ni giza lililoviringishwa. Kwa hiyo Kilgour na wenzake walilazimika kuajiri wasomaji wa lugha nyingi, kufanya muhtasari wa makala na kutengeneza faharasa, ili mtu akiuliza juu ya mpira, au reli, au ugonjwa fulani, aelekezwe mara moja kwenye ukurasa unaohusika. Hapo ndipo mkutubi alipomshinda jasusi. Jasusi huleta habari; mkutubi huifanya ipatikane. Huyo Kilgour, vita vilipokwisha, hakulisahau somo hili. Mwaka 1967 alianzisha katika jimbo la Ohio umoja wa maktaba zilizounganisha orodha zao kwa kompyuta, umoja ambao ulikua ukaenea duniani.

Tumefikia sasa sehemu nzito ya hadithi. Ujerumani ilisalimu amri mwezi wa Mei 1945. Wakutubi waliokuwa wakinunua gazeti mojamoja mjini Lisbon sasa waliingia nchini nyuma ya majeshi yaliyoshinda. Maktaba ya Bunge, chini ya mkuu wake mpya Luther Evans, ilipeleka ujumbe wake Ulaya, na Reuben Peiss akawa kiongozi wake. Kazi ya kwanza ilikuwa ya haki isiyo na shaka. Kampuni ya Otto Harrassowitz ya Leipzig ilikuwa imeviweka akiba vitabu vilivyoagizwa na maktaba za Kimarekani, ikivitunza miaka yote ya vita ijapokuwa mabomu ya Desemba 1943 yaliiteketeza mitaa ya wachapaji mjini humo. Leipzig ilikuwa imeangukia upande wa Warusi, lakini ruhusa ikapatikana, malori yakaenda, na vitabu vikaletwa. Mwenye duka alitunza amana ya mteja aliyekuwa adui wa taifa lake. Uaminifu wa namna hiyo wastahili kukumbukwa.

Kazi ya pili ilikuwa na utata. Ujumbe ulikusanya vitabu kwa mamia ya maelfu kutoka ofisi za chama cha Nazi, taasisi zake na maghala yake, ukavigawa kwa maktaba za Marekani. Waliofanya hivyo walisema kuwa ni lazima dunia ijifunze jinsi uovu ule ulivyofikiri, usije ukarudi. Hoja hii ina nguvu. Lakini mwezi wa Mei 1946 mataifa manne yaliyoitawala Ujerumani yalitoa Amri ya Nne, iliyotaka vitabu vyote vya Kinazi na vya kusifu vita viondolewe katika maktaba na maduka ili viharibiwe. Mara watu wakakumbuka usiku wa tarehe 10 Mei 1933, wanafunzi wa Kinazi walipoviteketeza vitabu vya waandishi waliowachukia, katika uwanja mmoja wa Berlin na katika miji mingine ya vyuo. Wakauliza: je, sisi tuliopigana na wachoma vitabu, twawezaje kuviharibu vitabu? Kelele zikawa nyingi, hata mwezi wa Agosti mwaka ule amri ikarekebishwa, nakala chache zikaruhusiwa kubaki kwa ajili ya utafiti. Mkutubi alijikuta kati ya moto na kabati, akachagua kabati.

Na kulikuwa na vitabu vya aina ya tatu, vilivyoliza watu. Wanazi walikuwa wameunda kikosi, chini ya Alfred Rosenberg, cha kupora maktaba katika kila nchi waliyoiteka, hasa maktaba za Wayahudi. Katika mji wa Vilna walimlazimisha mkutubi Herman Kruk, mshairi Abraham Sutzkever na wenzao wachambue vitabu vya watu wao wenyewe: vichache vipelekwe Ujerumani, vingi vipelekwe kiwanda cha karatasi. Watu hao walificha vitabu na miswada chini ya nguo zao, wakavipitisha mbele ya walinzi na kuviingiza katika mtaa waliofungiwa. Kama wangalikamatwa, adhabu yaweza kuwa kifo. Katika mtaa huo huo wenye njaa Kruk aliendesha maktaba, na mwezi wa Desemba 1942 iliadhimisha kuazimwa kwa kitabu cha laki moja. Kruk aliuawa katika kambi huko Estonia, Septemba 1944. Sutzkever aliokoka.

Wamarekani walipovikuta vitabu vilivyoporwa, vimejazana katika mapango, ngome na maghala, walivipeleka katika jengo moja la kampuni ya IG Farben huko Offenbach, karibu na Frankfurt. Mwaka 1946 mhifadhi wa nyaraka Seymour Pomrenze alipewa kazi ya kulipanga ghala hilo, na baada yake akafuata Isaac Bencowitz, ambaye kwa elimu alikuwa mkemia. Walikuwa na vitabu zaidi ya milioni mbili, vya lugha nyingi, na wafanyakazi Wajerumani ambao wengi hawakujua hata herufi moja ya Kiebrania. Watavitenganishaje? Bencowitz alitunga njia nyepesi ya ajabu. Aliipiga picha mihuri ya maktaba iliyokuwa ndani ya vitabu, akawagawia wafanyakazi kila mmoja mihuri kadhaa. Mfanyakazi hakuhitaji kusoma. Alihitaji kulinganisha umbo na umbo. Kila alipouona muhuri wake, alikiweka kitabu kando. Hivyo vitabu vikaanza safari ya kurudi kwao: Uholanzi, Ufaransa na kwingineko. Vitabu vya taasisi ya Kiyahudi ya Vilna, ambayo makao yake yalikuwa yamehamia New York, vilipelekwa huko mwaka 1947. Ghala lilifungwa mwaka 1949.

Lakini vipo vilivyobaki bila mwenyewe. Muhuri ulisomeka, jina la mji likajulikana, nyumba ya maktaba ikajulikana, ila msomaji hakuwako tena wala mwanawe wala mjukuu wake. Vitabu hivyo, kiasi cha nusu milioni, viligawanywa kwa maktaba na jumuiya za Kiyahudi katika nchi mbalimbali kwa mkono wa chama maalumu, ambacho katibu wake alikuwa mwanafalsafa Hannah Arendt. Mizinga ilikuwa imenyamaza muda mrefu. Vitabu vilikuwa vingali vikitafuta makazi.

Basi, msomaji, tupime. Wakutubi hawa walianza kwa kukusanya karatasi ili taifa lao lishinde, na walipomaliza walikuwa wakirudisha karatasi kwa wenyewe. Mikono ilikuwa ile ile na ujuzi ule ule: kukitambua kitabu, kukiandika, kukiweka mahali pake. Katika hali moja ujuzi huo ulitumikia vita, katika nyingine ukatumikia haki, na katikati palikuwa na nafasi kubwa ambapo mtu mwema aliweza kujidanganya kwamba anaokoa kumbe anachukua. Twajifunza ya kuwa anayeshika maarifa ameshika nguvu, naye hana budi kuulizwa ameyapata kwa nani, na kwa ruhusa gani.

Utakapoingia katika maktaba ya shule yako ukakifungua kitabu, tazama muhuri uliogongwa katika ukurasa wa kwanza. Ni wino kidogo tu, na pengine umefifia. Lakini sasa wajua ya kuwa katika ghala la Offenbach, kwa wino kama huo, vitabu vilivyoporwa viliwarudia watu wao. Na ya kuwa yuko mtu aliyeugonga kwa uangalifu siku ya amani, asijue ungekuja kutoa ushahidi.